Kumwandaa mtoto kwa usaili wa shule Dar es Salaam: wiki 12 za dakika 15

Kuanzia Agosti hivi, mageti ya shule binafsi za Dar es Salaam hujaa mabango ya "fomu zinapatikana" na tarehe za usaili kwa ajili ya Januari. Mtoto wa miaka mitano wa Tabata, Kimara au Mbezi Beach ataingizwa Jumamosi moja katika chumba asichokijua, akae na mwalimu asiyemjua, ajibu maswali kwa nusu saa au zaidi, mara nyingi kwa Kiingereza. Wengi wanaokosa nafasi hapo si kwamba hawajui kitu. Hawakuelewa walichoambiwa wafanye, au walinyamaza mbele ya mgeni, au walikuja wamekariri majibu ya maswali ambayo hayakuulizwa. Yote matatu yanarekebishika nyumbani bila tuisheni ya jioni, mradi mzazi aanze mapema na ajue anafundisha nini.

Jua kwanza anakwenda kupimwa nini

Shule za msingi za serikali za kawaida hazina usaili. Mtoto anaandikishwa miezi ya mwisho wa mwaka, cheti cha kuzaliwa mkononi, basi. Na kwa wanaouliza kuhusu shule za vipaji maalumu: Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato ni za sekondari, na wanafunzi wake huchaguliwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Hakuna mtihani wa serikali wa kumpima mtoto wa chekechea kama ana kipaji maalumu. Anayekuuzia maandalizi ya mtihani huo anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Kinachobaki ni vitu viwili. Cha kwanza, ambacho ndicho watoto wengi wa Dar hukutana nacho, ni usaili uliotungwa na shule yenyewe: kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kiwango cha darasa alilotoka, pamoja na mazungumzo mafupi. Cha pili ni vipimo vya kufikiri vilivyotungwa nje ya nchi, ambavyo hutumiwa na wanasaikolojia na baadhi ya shule zinazofuata mitaala ya kimataifa. Kipimo cha picha cha Raven, toleo lake la rangi kwa watoto wadogo, kina mafumbo 36 katika seti tatu za 12. Kila fumbo ni picha yenye sehemu iliyokatwa, na mtoto anachagua kipande kinachoziba pengo. Kipimo cha Wechsler cha watoto wadogo hutolewa kwa mtoto mmoja mmoja, kuanzia miaka 2 na nusu mpaka 7 na miezi 7, na ndani yake mna vipande vya kupanga, maneno na kumbukumbu ya picha. Vipimo hivi havikutungwa ili kupima alichofundishwa darasani. Kumkaririsha maswali yake kunaharibu kipimo na hakumsaidii mtoto. Kumzoesha aina ya kufikiri inayotakiwa ni jambo jingine, na ni halali kabisa.

Unapochukua fomu, uliza pale pale kwa katibu au mwalimu wa taaluma: usaili ni wa kuandika, wa mdomo au vyote? Kwa lugha gani? Mtoto mmoja mmoja au darasa zima? Utachukua muda gani? Mzazi anaingia au anabaki nje? Umri wa mwisho unahesabiwa kufikia tarehe ipi? Mzazi asiyeuliza humwandaa mtoto kwa karatasi, kumbe shule inampima kwa mazungumzo na mchezo, au kinyume chake.

Swali la umri lisipuuzwe. Sera ya elimu toleo la 2023 inamweka mtoto darasa la kwanza akiwa na miaka sita, baada ya mwaka mmoja wa elimu ya awali. Wapo wazazi wanaompeleka mtoto wa miaka minne na miezi kumi kwenye usaili wa darasa la kwanza kwa sababu "anajua sana". Katika umri huu hata miezi michache ni mingi mno: inaonekana kwenye mkono unaoshika penseli, kwenye uwezo wa kukaa, kwenye kuelewa maagizo marefu. Mtoto aliyerushwa darasa hupambana na wakubwa zake miaka yote inayofuata. Msimrushe.

Muda, mahali na kikapu cha vifaa

Anza wiki 12 kabla. Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha kwa mtoto wa miaka mitano au sita. Kwa wa miaka minne, dakika 10. Zikipita hapo, mtoto anaanza kujibu ili amalize, na anachojifunza ni kubahatisha.

Saa ya kazi hii si saa mbili usiku mzazi anapofika nyumbani ametokea kwenye foleni ya Ubungo, mtoto naye amesinzia kwenye kochi. Chagua asubuhi ya Jumamosi na Jumapili wewe mwenyewe, na siku tatu za katikati ya wiki mwachie dada wa kazi, bibi au kaka mkubwa, baada ya mtoto kuoga na kula alasiri. Mwoneshe huyo msaidizi zoezi moja tu la wiki, mlifanye pamoja mara moja, kisha mkabidhi kikapu. Ukimpa mazoezi sita atafanya lile rahisi, ambalo ni kumwambia mtoto aandike 1 mpaka 100.

Kwenye kikapu weka vizibo 30 vya soda, 20 vya aina moja na 10 vya aina nyingine. Weka dadu ya ludo, vibanio 10 vya nguo, krayoni, penseli mbili za HB zilizokatwa katikati ziwe nne fupi, ufutio mmoja, mkasi wa ncha butu, karatasi nyeupe zisizo na mistari, daftari la viboksi, na magazeti au kalenda za zamani za kukata picha. Ubao mdogo na chaki ukipata ni vizuri zaidi. Ongeza unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta ya kula, na maji kidogo kidogo mpaka karibu kikombe kimoja, ukandwe uache kunata. Ukiwekwa kwenye mfuko uliofungwa hukaa siku kadhaa. Vyote hivi vinapatikana steshenari ya mtaani na jikoni. Huhitaji kwenda Kariakoo.

Usichohitaji ni ile rundo ya fotokopi za "maswali ya usaili" zinazopitishwa kwenye magrupu ya wazazi. Mtoto wa miaka mitano akirudia karatasi ile ile mara nne hukariri mahali jibu lilipo kwenye ukurasa. Ukimbadilishia mpangilio, hana kitu.

Lugha: fikra kwa Kiswahili, maagizo kwa Kiingereza

Hapa ndipo watoto wa Dar wanapopoteza alama nyingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo wazazi wanapokosea zaidi. Mzazi anaamua kuanzia Juni nyumba nzima iongee Kiingereza, Kiingereza chenyewe ni cha kuungaunga, na mtoto aliyekuwa anasimulia safari nzima ya kwenda kwa shangazi Kigamboni, pantoni na yote, sasa anajibu kwa neno moja moja. Endeleeni na Kiswahili. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini maji ya barafu yameyeyuka ataweza kuambiwa jina la barafu kwa Kiingereza kwa siku moja. Asiyeweza kueleza hataokolewa na jina.

Kiingereza cha kufundisha kwa makusudi ni cha maagizo. Karatasi nyingi za usaili hubebwa na maneno machache: circle, match, underline, tick, colour, count, draw, missing. Fundisha neno moja kwa siku mbili, na lianze mwilini kabla ya karatasi. "Circle" ni kuchora duara kwa chaki sakafuni kuzunguka kiatu cha baba. "Match" ni kuunganisha soksi na mwenzake. Likishakaa, lilete kwenye karatasi kwa picha tatu tu. Mwisho wa wiki changanya: mpe karatasi yenye samaki watatu, mwambie azungushie mmoja, apige mstari chini ya mwingine, apake rangi wa tatu. Akizungushia wote, jua kwamba hasikilizi agizo, anafanya alichozoea. Rudi nyuma.

Maneno ya jozi yana shida zaidi, na shida yake ipo hata kwa Kiswahili: sawa na tofauti, zaidi na pungufu, kwanza na mwisho, kabla na baada. Muulize mtoto wa chekechea namba iliyo kabla ya 7. Wengi watasema 8. Hawajakosa hesabu. Neno "kabla" halijawakaa, na kwa kuwa siku zote wamehesabu kwenda mbele, ulimi unawapeleka mbele. Simamisha watu watatu au wanasesere kwenye foleni ya daladala ya kuigiza. Nani amepanda kabla ya Asha? Nani baada yake? Fanya hivyo siku nne, kisha weka namba zilizoandikwa kwenye vikadi mahali pa watu, na mwisho leta neno la Kiingereza.

Kwa upande wa kufikiri kwa maneno, tuna hazina ambayo wazazi wengi wa mjini wameiacha: vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Usiishie kwenye jibu. Muulize: kwa nini yai limeitwa nyumba? Nani anakaa ndani? Nanasi na kuku vimefananaje? Kisha, na hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, mwambie atunge chake kuhusu kijiko, feni au mwendokasi. Kitakuwa kibovu mwanzoni. Mtoto anayetunga kitendawili analazimika kutafuta sifa ya kitu, aitenge na jina lake, aifananishe na kitu kingine, na hiyo ndiyo kazi yenyewe inayopimwa na maswali ya mfanano.

Maswali hayo huwa hivi: embe na ndizi zinafanana nini? Majibu ya watoto yana ngazi. "Zote njano" ni rangi. "Zote zinaliwa" ni matumizi. "Zote ni matunda" ni kundi, na katika vipimo vya kufikiri jibu la kundi ndilo lenye uzito. Usimwambie jibu la kundi. Mwongezee cha tatu: "Na zabibu je? Si njano, lakini nasema ni mwenzao. Kwa nini?" Atapanda ngazi mwenyewe. Jozi nzuri za kuanzia: kiatu na shati, basi na boti, seremala na fundi cherehani, macho na masikio.

Mpangilio na mafumbo ya picha

Anza na vizibo. Panga chekundu, cheupe, chekundu, cheupe, umwache aendeleze. Akishaweza, panga chekundu, cheupe, cheupe. Kisha viwili viwili. Watoto wengi huendeleza mwisho wa mstari vizuri lakini hawawezi kuziba pengo la katikati, kwa hiyo mapema kabisa mwambie afumbe macho, toa kizibo cha katikati, na umuulize kipi kimeondoka.

Wiki ya nne au ya tano hamia kwenye jedwali la vyumba vinne. Chora mraba mkubwa kwenye kipande cha boksi, ugawe mara nne. Juu kushoto chora duara kubwa jekundu. Juu kulia, duara dogo jekundu. Chini kushoto, duara kubwa la bluu. Chini kulia acha wazi. Maswali ni mawili tu, na uyaulize kwa mpangilio huo huo kila mara, kidole kikitembea: "Ukienda kulia, nini kimebadilika?" Limekuwa dogo. "Ukishuka chini, nini kimebadilika?" Limekuwa la bluu. "Basi hapa pa kukaa nini?" Akisema "dogo la bluu" kabla hujamwonesha chaguo lolote, amelielewa.

Sasa mpe vikadi vinne vya majibu: kubwa la bluu, dogo jekundu, dogo la bluu, na pembetatu ndogo ya bluu. Makosa yatakuwa ya aina chache na kila moja lina sababu yake. Kosa la kwanza na la kawaida ni kuchagua picha inayofanana na iliyo jirani na pengo. Mtoto ameangalia upande mmoja tu wa jedwali. La pili ni kuchagua rangi anayoipenda. La tatu ni kuchagua cha kwanza mkononi bila kuangalia vingine. Dawa ya yote matatu ni moja: funika majibu kwa karatasi, mtoto aseme kwa mdomo anachotafuta, ndipo ufunue. Asipoweza kusema, hakuna kufunua. Mnarudi kwenye maswali mawili ya kidole. Zoezi hili la kufunika, likifanywa kwa wiki tatu, hubadilisha tabia ya mtoto kwenye karatasi yoyote yenye majibu ya kuchagua, na ndiyo sababu tunalipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Badilisha sifa kila baada ya siku mbili: ukubwa na rangi, umbo na idadi, mwelekeo wa mshale na rangi. Mwelekeo ndio mgumu zaidi kwa watoto wa miaka mitano, usianze nao. Jedwali la vyumba tisa liletwe wiki ya tisa au ya kumi, na kwa yule tu anayeomba zaidi.

Siku ambazo kichwa kimechoka, kata picha ya boksi la biskuti vipande vinne, siku nyingine sita, kisha tisa, aunganishe. Ukikata kwa mistari iliyopinda ni rahisi kwa sababu umbo la kipande linamsaidia; ukikata miraba iliyo sawa analazimika kuangalia picha yenyewe. Vipande vya mbao vilivyobaki kwa seremala, vikipigwa msasa, navyo ni vizuri: jenga kitu cha vipande vinne, kifunike kwa kitambaa baada ya kumwonesha kwa muda kidogo, naye ajenge chake kwa kumbukumbu.

Hesabu za mkononi

Mtoto anayeimba moja mpaka mia anaweza kushindwa kukupa vizibo saba. Jaribu leo: mimina vizibo 15, sema "nipe saba". Akikukabidhi konzi nzima, au akihesabu haraka kuliko vidole vinavyogusa, kazi yenu ya wiki mbili za kwanza ni hiyo tu. Kila kizibo anachokihesabu kihame kutoka upande mmoja wa kitambaa kwenda mwingine. Ulimi na mkono viende pamoja. Kisha muulize "vingapi?" bila kumruhusu ahesabu upya. Akirudia kuhesabu kila unapouliza, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla.

Panga safu mbili za vizibo vitano vitano, zilingane. Tanua moja mbele ya macho yake. Ipi ina vingi? Watoto wengi wa miaka minne na mitano watasema ile ndefu. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza jambo hili zamani, na haliondoki kwa kumfokea; linaondoka kwa umri na kwa kuhesabu safu zote mbili mara nyingi, akizioanisha kizibo kwa kizibo. Akikosea, si dalili ya ujinga. Ahesabu, acheni, mrudie wiki ijayo.

Dadu ya ludo ni ya kumzoesha kutambua idadi kwa jicho bila kuhesabu vitone. Kutoa na kujumlisha viishie ndani ya 10, na vitu vionekane: machungwa matano mezani, mgeni kala mawili. Namba zinazoandikwa kinyume, hasa 3, 7 na 9, ni kawaida mpaka karibu miaka saba. Rekebisha kwa kuandika kubwa mchangani au ubaoni, si kwa kufuta na kurudia ukurasa mzima.

Mkono

Maumbo yana umri wake, na kuyajua kunamwepusha mtoto na lawama zisizo na msingi. Kwa wastani mtoto hunakili duara akiwa na miaka 3, msalaba karibu 4, mraba kati ya 4 na nusu na 5, pembetatu karibu 5 na nusu, na umbo la almasi ni la miaka 6 hadi 7. Mistari ya mshazari ndiyo migumu. Mtoto wa miaka mitano ambaye almasi yake imepinda hana tatizo. Ambaye hawezi mraba, anahitaji kazi ya vidole zaidi ya daftari: kukanda unga, kubana na kubandua vibanio vya nguo, kuchambua mchele, kuchana karatasi vipande vidogo. Penseli fupi inasaidia kwa sababu haina nafasi ya kushikwa kwa ngumi.

Anayetumia mkono wa kushoto aachwe. Bado wapo wazee, na hata walimu, wanaomgeuza mtoto kwa kumpiga kidole au kumhamishia penseli, na matokeo yake ni mwandiko mbovu na mtoto anayeogopa kuandika. Elekeza karatasi yake ilale kidogo upande wa kulia, na siku ya usaili mwambie mwalimu mapema ili akalishwe mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane na vya jirani.

Kuongea na mgeni na kuachana na mzazi

Watoto wetu tunawafundisha kwamba mbele ya wakubwa unaamkia, unainama kidogo, unakaa kimya. Ni adabu nzuri. Kwenye usaili ukimya huo huo unaandikwa kama "hakujibu". Kwa hiyo mtoto aambiwe wazi kwamba mwalimu huyu anataka kusikia sauti yake, na kumjibu ndiyo heshima anayoitaka. Azoee kwa watu halisi: amwagize muuza genge nyanya tatu na kitunguu kimoja, ahesabiwe chenji, aseme asante. Jirani asiyemzoea sana amuulize jina, umri, anaishi na nani, anapenda kucheza nini. Majibu yawe sentensi, si neno moja, na yasikaririshwe, mtoto aliyekaririshwa "My name is..." hutoa mlolongo wote mpaka jina la shule hata akiulizwa tu amepanda nini kuja.

Mfundishe pia kusema "sijui" na "naomba urudie". Mtoto anayejua kwamba kutojua si kosa hatoi machozi kwenye swali gumu, na vipimo vingi huendelea kuwa vigumu kwa makusudi mpaka afike asipoweza.

Maagizo ya hatua mbili, kisha tatu, yafanywe kuwa mchezo wa nyumbani: "Chukua kiatu, kiweke chini ya kiti, uje unipe tano." Yaseme mara moja. Ukizoea kurudia mara tatu, atasubiri ya tatu. Fanyeni pia mchezo wa kusikia namba na kuzirudia kwa mpangilio huo huo; zisomwe kwa mwendo wa moja kwa sekunde. Tarakimu tatu hadi nne ni kawaida kwa umri wa miaka minne na mitano.

Kuachana na mzazi kufanyiwe mazoezi yake. Mwache kwa mama mdogo au kwenye madrasa au shule ya Jumapili kwa saa moja, umuage waziwazi, umwambie utarudi lini, urudi muda huo. Mzazi anayetoroka mtoto akiwa hatazami anamfundisha kukagua mlango, na siku ya usaili macho yatakuwa mlangoni.

Kabla ya kumlaumu

Mtoto asiyeitika ukimwita kwa nyuma, anayeongeza sauti ya televisheni, anayesogeza kitabu puani au kukunja jicho, apimwe masikio na macho kwanza. Anzia zahanati au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala. Akianza kukojoa kitandani tena, kuumwa tumbo kila ikifika saa ya kikapu, au kuficha penseli, simamisheni kwa wiki nzima. Mkirudi, punguzeni muda nusu.

Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Siku tano za mwisho hakuna kipya. Rudieni anachokipenda, alale saa mbili usiku. Andaa bahasha: fomu, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili), picha za pasipoti, ripoti ya shule anayotoka, risiti ya malipo. Pitieni shuleni siku moja kabla ya hapo, aone geti, uwanja na choo kilipo.

Oktoba mpaka Desemba ni msimu wa vuli. Mvua kubwa ikinyesha usiku, Jangwani huweza kujaa maji na barabara kufungwa, kwa hiyo anayetoka Magomeni au Ubungo kwenda mjini awe na njia ya pili kichwani na saa nzima ya ziada. Mfike dakika 30 kabla. Asubuhi ale alichozoea, uji na yai au chapati na chai. Usimpe soda na pipi badala yake. Avae nguo anazoweza kuzivua mwenyewe chooni na viatu visivyombana. Chooni aende mara mbili: nyumbani na mkifika.

Getini usimuulize maswali ya mwisho, na usimwahidi baiskeli akifaulu. Mwambie atakachokutana nacho: "Mwalimu atakuonesha picha na kukuuliza maswali. Mengine rahisi, mengine magumu. Mimi nitakuwa kwenye hicho kiti." Kisha kaa kwenye hicho kiti kweli.

Akitoka, muulize walicheza nini. Majibu ya shule yakija na nafasi imekosekana, omba kwa mwalimu wa taaluma akuambie sehemu gani ilikuwa dhaifu; wengi husema, na mara nyingi ni jambo moja linalofanyiwa kazi kwa miezi miwili. Uliza kama wana usaili wa pili Desemba au mapema Januari, maana nafasi hujitokeza wazazi wengine wasipolipa ada. Wakati huo huo mwandikishe shule ya msingi iliyo karibu kabla uandikishaji haujafungwa, ili Januari asibaki nyumbani. Na usimbadilishie tarehe ya kuzaliwa ili arudie usaili kwa umri mwingine: cheti hicho ndicho kitakachomfuata mpaka mitihani ya taifa.